Mpe Mgeni Jembe, Usimpe Utumwa



Wazee wetu walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Wengi hulisikia neno hili kama neno la kumfukuza mtu, wakidhani maana yake ni kwamba mwenyeji amekwisha kuchoka. Lakini mwenye kulitazama vema ataona maana iliyo njema zaidi. Mgeni asiyepewa jembe hubaki mgeni daima. Huketishwa kitini, huletewa chakula, husemeshwa maneno ya adabu, kisha huenda zake asijue watu wa nyumba ile wanaishije. Bali apewapo jembe, amekwisha kuhesabiwa pamoja na watoto wa nyumba. Mwalimu Julius Nyerere alilitaja neno hili katika maandiko yake ya Ujamaa mwaka 1962, akieleza ya kuwa katika jamaa za Kiafrika za zamani kila mtu alikuwa mfanya kazi.

Leo napenda kulieleza neno hilo kwa jambo linaloonekana katika nyumba nyingi siku hizi, yaani mabinti wa shule za bweni kwenda kukaa likizo shambani kwa wenzao wa kabila jingine. Ni jambo jema, tena lina faida kubwa. Lakini lina mahali pake pa kuteleza, na mwenyeji akiteleza hapo humwumiza mtoto wa mwenziwe. Ndiyo sababu naandika.

MABINTI WALIVYOKUTANA

Shule zetu za bweni hukusanya watoto wa nchi nzima. Binti wa Kilimanjaro hulala kitanda cha juu, na cha chini amelala binti wa Usukuma. Huazimana sabuni, hufundishana hesabu, huuguzana wakishikwa na homa. Walakini hata wakikaa pamoja miaka minne, kila mmoja humjua mwenzake kwa sare ya shule tu. Wamevaa nguo moja, wamekula ugali na maharage ya sufuria moja, wameamshwa kwa kengele moja. Hajui mwenzake kwao hupika nini, huwaamkiaje wazee, wala baba yake huipataje ada ya shule. Mambo hayo hayafundishwi darasani, hujulikana nyumbani.

Basi likizo ikifika, aliye karibu humwambia aliye mbali, "Njoo twende kwetu." Mara nyingi sababu ya kwanza ni nauli, maana safari ya kutoka Moshi mpaka nchi za Ziwa ni ndefu, na mzazi mwenye watoto wengi hawezi kuilipa kila likizo. Lakini jambo lililoanza kwa ajili ya nauli huweza kuzaa matunda mengine ambayo hakuna aliyeyatazamia.

Katika kigango chetu, kilicho mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, iko familia moja yenye baba, mama, bibi mzee, binti mmoja aliyekuwa kidato cha tatu, na wavulana wawili wadogo. Likizo ya Juni mwaka 2023 binti huyo alikuja na wenzake watatu, wakakaa majuma matatu. Mmoja alitoka Pangani, pwani ya Tanga, naye ni Mwislamu. Wa pili alitoka Magu katika Usukuma. Wa tatu ni Mmasai wa Simanjiro. Majina yao siandiki, kwa kuwa ni watoto wa watu, na waliyonisimulia walinisimulia kwa kuniamini.

Kabla hawajafika, wazazi wa pande zote walikuwa wamekwisha kusemezana kwa simu. Wakapatana siku ya kuja na siku ya kurudi, nani atakwenda kuwachukua, na ya kuwa binti wa mwenyeji naye atakwenda Pangani mwezi wa Desemba. Shikeni sana neno hilo la mwisho, maana nitalirudia.

KIHAMBA NI NINI

Kwa wasomaji wasioujua mlima wetu, yafaa nieleze shamba lenyewe. Kihamba ni shamba la nyumbani, ambalo Mchaga hulirithi kwa baba yake, na baba yake kwa babu. Si shamba la kwenda na kurudi. Nyumba imo ndani yake, na makaburi ya wazee yamo humo humo. Mimea imesimama kwa tabaka. Juu kabisa iko miti mikubwa ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na chini kabisa magimbi, viazi vikuu, maharage na mboga. Ng'ombe hawaendi malishoni, kwa kuwa mahali ni padogo. Hufungwa bandani wakaletewa majani na vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa, na samadi yao hurudi shinani mwa migomba. Maji huja kwa mifereji iitwayo mifongo, ambayo wazee waliichimba kutoka mitoni, na kila nyumba hungoja zamu yake ya maji. Mwaka 2011 shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikitia kihamba cha Shimbwe Juu katika orodha ya urithi wa kilimo wa ulimwengu.

Sasa tazameni ajabu moja. Mgomba, ambao sisi Wachaga twaringa nao, asili yake ni Asia. Mahindi, maharage na viazi vitamu vilitoka Amerika. Mbuni asili yake ni Ethiopia, na katika mlima huu mapadre wa Kilema waliupanda kabla karne ya 19 haijaisha. Mgrivea, tunaoupanda kwa kivuli na mbao, ulitoka Australia. Ukisimama kihambani ukauliza nani ni mwenyeji na nani ni mgeni, utakuta ya kuwa karibu wote walikuja wageni. Walipewa mahali, wakapewa kazi, nao leo ndio wanaotulisha na kutusomeshea watoto.

SIKU MBILI ZA UGENI

Siku ya kwanza mabinti walipoingia, Bibi alikuwa ameketi mlangoni. Binti wa Pangani alimwendea, akasema, "Shikamoo, Bibi," akaushika mkono wake akaubusu. Binti wa Magu akapiga goti hata chini. Binti wa Simanjiro akainamisha kichwa mbele yake, akanyamaza, akingoja. Bibi akashangaa, maana hakujua atakiwalo kutenda. Mama wa nyumba, aliyewahi kufanya biashara ya maharage na Wamasai, akamnong'oneza kwa Kichaga, "Mwekee mkono kichwani, ndivyo waamkiavyo." Bibi akamwekea mkono. Jioni ile akasema, "Watoto watatu wameniheshimu kwa njia tatu, na wetu hupita mbio akisema 'mambo'." Binti wa nyumba akacheka kwa haya, na tangu kesho yake akawa haingii wala hatoki asimwamkie Bibi.

Chakula kilileta taabu kidogo. Siku ya kwanza walipikiwa mtori wa ndizi na nyama, na siku ya pili kiburu, yaani ndizi zilizopikwa pamoja na maharage. Binti wa Magu alikula kwa adabu, lakini usiku akamnong'oneza mwenzake ya kuwa kwake mtu aliyekula ndizi hajala bado. Binti wa Pangani alisumbuliwa na baridi, kwa sababu mwezi wa Juni ukungu hutanda mlimani siku nzima, naye alikuwa na kanga mbili na sweta ya shule tu. Bibi alimpa shuka lake zito. Hivyo ndivyo zilivyopita siku mbili, na hata hapo wote walikuwa wakisema kwa uangalifu, kama watu waliobeba mayai.

Neno la dini nalo likatokea. Mama alisema ya kuwa nyama ya nguruwe haitapikwa jikoni mwake muda wa majuma yale matatu, na kuku atachinjwa na jirani Mwislamu mwenye duka njia panda. Bibi akaona si vema. Akauliza, "Je, baba wa nyumba hii hajui kuchinja?" Mama akamjibu kwa upole, "Mama, mjukuu wako atakwenda Pangani. Watu wa huko wakimzuia asiende kusali Jumapili, utasemaje?" Bibi akanyamaza kitambo, kisha akamwita mjukuu wake mdogo, akampa kuku, akamwambia, "Mpeleke njia panda." Binti yule alisali sala zake chumbani, na Jumapili wenzake walipokuja ibadani kigangoni, yeye alibaki na Bibi wakimenya ndizi. Hakuna aliyemsukuma huku wala huku. Mimi naona nyumba ile ilishuhudia imani yake vema kuliko ambavyo ningeweza kuhubiri.

SIKU YA TATU

Siku ya tatu asubuhi Mama aliwakusanya mabinti wote wanne, akawaambia, "Leo ugeni umekwisha. Kazi za nyumba hii ni za watoto wa nyumba hii. Lakini sheria yangu ni moja: hakuna mgeni atakayetumwa kazi peke yake. Kazi nitakayompa mgeni, binti yangu ataifanya naye, saa ile ile."

Nawaomba wasomaji waifikiri sheria hiyo. Ni fupi, nayo inatosha. Mama hakusema wageni wafanye kazi nyepesi, wala hakusema wafanye nusu. Walikata majani ya ng'ombe, wakabeba mizigo kichwani kupanda mlima, wakasomba samadi, wakazibua mfongo pamoja na watu wa mtaa ilipofika zamu ya nyumba yao. Kazi zilikuwa nzito. Lakini aliyebeba mzigo, kila akigeuka, alimwona mwenye nyumba naye amebeba.

Kahawa ya kwanza ilikuwa imeanza kuiva. Wakafundishwa kuchuma punje nyekundu tu na kuziacha mbichi mtini, kumenya siku ile ile kwa mashine ya mkono, kuivundika mpaka ule utelezi uachie, kuiosha kwa maji safi, kisha kuianika juu ya vichanja na kuigeuza mara kwa mara. Binti wa Magu, ambaye kwao hulima pamba, aliuliza bei ya kilo moja na gharama ya dawa. Baba wa nyumba akaleta daftari lake. Wakaketi wakahesabu, na kwa mara ya kwanza binti wa nyumba akaona kwa macho yake ni debe ngapi za kahawa zinazoingia katika ada yake ya mwaka mmoja. Baba aliniambia kwamba tangu siku ile hakuombwa tena fedha za ovyo. Mgeni aliuliza swali ambalo mtoto wa nyumba hakuwahi kuliuliza.

Wageni nao hawakuja mikono mitupu. Binti wa Pangani alikuwa amechukua ukindu katika sanduku lake. Jioni, wote wakiota moto, aliwafundisha kusuka ukili, nao ukili wao ulikwenda upande kama njia ya nyoka mpaka walipozoea. Binti wa Magu alimwona Mama akiviacha viazi vitamu vioze shambani, akasikitika sana. Akawaonyesha jinsi kwao wanavyovimenya, wakavikata vipande vyembamba na kuvianika mpaka vikauke kabisa, vikaitwa michembe, na jinsi wanavyovichemsha kwanza ndipo kuvianika, vikaitwa matobolwa. Chakula hicho huwekwa kwa miezi ya njaa. Jua la mlimani mwezi wa Juni ni la kubahatisha, kwa hiyo wakavipeleka dari la jikoni juu ya moto. Vilipata harufu ya moshi, lakini vilikauka, na Bibi alivipenda.

Lakini zawadi iliyo kubwa ilitoka kwa binti wa Simanjiro. Familia ile ilikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na maziwa yake ndiyo yaliyonunua sukari, sabuni na madaftari. Katika juma la tatu, asubuhi moja, binti huyo alikuwa akikamua pamoja na mwenzake. Maziwa ya kwanza kutoka chuchu moja aliyakamulia kiganjani, akayatazama, akaona madonge madogo. Akakigusa kiwele akakiona kina joto upande mmoja. Kwa adabu hakumwendea Baba mwenyewe. Alimwambia mwenzake, na mwenzake akamwambia Baba. Baba alidhani ni kwa sababu ya majani mapya. Binti akasema polepole, "Kwetu tukiona hivi hatulali." Basi bwana mifugo akaitwa siku ile ile, akasema ni ugonjwa wa kiwele, tena ndiyo kwanza unaanza, akatoa dawa, akakataza maziwa yasiuzwe mpaka siku za dawa ziishe. Ng'ombe akapona. Ndipo Bibi akasema neno ambalo kila mmoja wetu amelisikia tangu utoto: "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

MAHALI PA KUTELEZA

Sasa nieleze upande wa pili, maana tukisifu tu hatutafundishana.

Likizo hiyo hiyo, nyumba nyingine ambayo siitaji, wala si ya kigango chetu, ilimpokea binti mmoja wa Songea, rafiki wa binti yao. Nao walilijua neno la jembe. Siku ya tatu wakampa. Lakini siku ya nne binti wa nyumba aliamka saa tatu, na mgeni aliamka saa kumi na moja. Siku ya tano mgeni alifua nguo za watu wote. Siku ya sita mtumishi wa nyumba akapewa ruhusa ya kwenda kwao, kwa kuwa "msichana yupo." Binti wa nyumba alikuwa sebuleni na simu yake, na rafiki yake alikuwa kisimani. Hakuna aliyempiga, wala aliyemtukana. Walimsifu sana kuwa ana adabu na bidii. Naye, kwa kuwa amelelewa kutowajibu wakubwa, alinyamaza.

Baada ya majuma mawili alikutana na mabinti wetu sokoni, akalia. Aliwaambia ya kuwa hamwogopi mama wa nyumba ile, wala hachukii kazi, maana kwao hulima mahindi kwa mkono na yeye hulima pamoja na ndugu zake. Alilosema ni hili: "Rafiki yangu ananiona nikipita na ndoo, wala hainui macho." Tazameni, huzuni yake haikuwa ndoo.

Mabinti wakamwambia Mama, Mama akaniambia mimi, nami pamoja na mzee mmoja wa jumuiya tukaenda kwa nyumba ile. Hatukwenda kuhukumu. Tulimwuliza baba wa nyumba swali moja tu: kama binti yake angekuwa Songea, akiishi hivi, angependa kuambiwa au kufichwa? Alikaa kimya, kisha akamwita binti yake. Maneno mengi yalisemwa siku ile, na mengine hayafai kuandikwa. Mwisho wake binti wa nyumba alitoka nje, akakata jani la isale penye mpaka wa kihamba, akamletea mwenzake kwa mikono miwili. Kwetu Uchagani isale ni jani la amani. Mwenye kosa akilileta, aliyekosewa huona vigumu kulikataa, hata kama jambo ni zito. Binti wa Songea hakuijua desturi hiyo, akaelezwa, akalipokea. Walirudi shule pamoja. Lakini baba yake hakumruhusu kuja tena, na mimi simlaumu. Jani la isale huondoa hasira. Kuaminiwa huja polepole, kama mgomba uliokatwa unavyochipua.

Ndugu zangu, tusijidanganye. Katika nchi yetu wako mabinti wengi waliopelekwa kwa jamaa ili "wakasaidiwe," wakaishia kuwa watumishi wasio na mshahara. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumfanyisha mtoto kazi za kumnyonya, na neno "mgeni" au "rafiki wa binti yetu" haliibadili sheria hiyo. Mlango kati ya jembe na utumwa ni mwembamba, wala mtu hauoni anapoupita, kwa sababu jembe ni lile lile, ndoo ni ile ile, shamba ni lile lile. Tofauti ni moja: je, mtoto wa nyumba yuko wapi wakati mgeni anapofanya kazi?

Historia nayo yatufundisha. Kukaa pamoja kwa watoto wa makabila mengi katika shamba moja si jambo jipya. Huko Bagamoyo, tangu mwaka 1868, mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliwakusanya watoto waliokombolewa utumwani, wavulana kwa wasichana, waliotoka nchi nyingi za bara. Wakafundishwa sala, kusoma, na kulima. Walijifunza kusemezana kwa Kiswahili na kula chakula kimoja, na wengi walioana na kuwa mwanzo wa Wakristo wa pwani. Lakini watoto wale hawakutumwa na mama zao. Walinyang'anywa, na wengi hawakuiona tena njia ya kurudi kwao. Mabinti wetu wa leo wametumwa kwa baraka, tena siku ya kurudi inajulikana. Aliye na mlango wa kurudia huweza kupenda nyumba ya watu bila hofu. Yatupasa kuulinda mlango huo uwe wazi siku zote.

ZAMU YA KWENDA

Mwezi wa Desemba binti wa mlimani alikwenda Pangani kama ilivyopatanwa, na binti wa Magu akafuatana naye. Huko aliyekuwa mwalimu akawa mwanafunzi. Alipewa nazi aifue juu ya kifuo, naye mwenye nguvu za kubeba majani ya ng'ombe akashindwa na nazi moja, watoto wadogo wakamcheka. Alijifunza kuketi juu ya mbuzi na kukuna bila kujikata, na kukamua tui la kwanza na la pili. Alishangaa kuona ya kuwa mchana, jua linapokuwa kali, watu hupumzika, naye kwao alikuwa amefundishwa kwamba alalaye mchana ni mvivu. Baada ya siku tatu za jua lile akafahamu sababu, akaacha kuwahukumu. Jumapili mama wa nyumba, Mwislamu, alimwamsha mapema asichelewe kanisani, akampa kijana wa nyumba amsindikize mpaka mlangoni.

Aliporudi nilimwuliza amejifunza nini. Nilitazamia atanitajia wali wa nazi au bahari. Akajibu, "Mwalimu, nimejifunza jinsi mwenzangu alivyojisikia kwetu siku zile mbili za kwanza. Sikujua kuwa mgeni ni kazi." Kwa hiyo nasema, aliyepokea wageni bila kuwa mgeni amesoma nusu ya kitabu. Ndiyo sababu niliwaomba mshike neno lile la kupeana zamu. Nyumba inayopokea tu itajiona inatoa hisani, na nyumba inayopeleka tu itajiona ina deni. Zikibadilishana, hakuna mkubwa wala mdogo.

MASHAURI MACHACHE

Kwa wazazi wanaotaka kufanya jambo hili, haya ndiyo niliyoyaona kuwa yafaa.

Kwanza, wazazi wasemezane wenyewe, wasiwaachie watoto. Siku ya kuja, siku ya kurudi, nauli, na mtu wa kumsindikiza, yote yajulikane kabla ya safari. Mwalimu wa bweni naye aandikiwe.

Pili, mgeni alale pamoja na mabinti wa nyumba, katika chumba kinachofungwa kwa ndani. Asilazwe sebuleni wala penye njia ya wanaume. Asitumwe usiku. Mtu asimfanyie mzaha wa uchumba, hata kama ni mjomba, wala asimwite "mkwe." Mzaha huo ni mdogo kwetu, lakini kwa mtoto aliye mbali na mama yake ni mzigo.

Tatu, sheria ya Mama yule ishikwe: kazi ya mgeni ifanywe pamoja na mtoto wa nyumba, saa ile ile. Na jioni wote wapumzike pamoja.

Nne, aulizwe asichokula, dawa anayotumia, na namna anavyosali. Naye asilazimishwe wala asichekwe.

Tano, apige simu kwao kila juma, akiwa peke yake, mahali ambapo hakuna amsikiaye. Mwenyeji mwema hana la kuogopa.

Sita, aombwe kufundisha jambo moja la kwao, na watu wa nyumba, hata wazee, wakubali kufundishwa. Mgeni anayefundishwa tu, kila siku, huanza kudhani ya kuwa kwao hakuna kitu.

Kwa walimu nasema hivi. Wanafunzi wakirudi kutoka likizo, msiwaulize tu kama walifurahi. Waambieni wasimulie mbele ya wenzao: walilima nini, walipika nini, waliaibika wapi, walisaidiwa na nani. Masimulizi hayo ni somo la uraia lililo bora kuliko mengi yaliyoandikwa ubaoni, na humpa nafasi ya kusema yule ambaye likizo yake haikuwa njema.

Nasi tulio na vihamba, mashamba ya mihogo, mashamba ya minazi, au zizi la ng'ombe wachache, tusidhani ya kuwa tu maskini mno hata tusiweze kupokea mtoto wa mtu. Nyumba niliyoisimulia haikuwa na kitanda cha ziada. Mabinti wanne walilala vitanda viwili. Likizo ijayo, binti yako akisema, "Baba, rafiki yangu hana pa kwenda," usiangalie kwanza akiba ya unga. Mwulize jina la baba wa rafiki huyo, uchukue simu, umwambie, "Ndugu yangu, mwanao atalala na wanangu, atakula na wanangu, na atalima na wanangu. Na wangu atakuja kwako lini?"